Uji Ambao Asma Hakuuonja

Mimi ni seremala, na mtu akitaka kujua mji wetu wa Butembo uliishije miaka ile ya vita, asiwaulize wanasiasa, aniulize mimi. Nilipofungua karakana yangu hapa mtaa wa Mususa nilikuwa natengeneza vitanda, makabati na milango. Kufikia mwaka 2000 nilikuwa natengeneza majeneza, na mara mojamoja kitanda, kwa kijana ambaye bado alikuwa na moyo wa kuoa. Askari wa Uganda walikuwa mjini, wapiganaji wa Mai-Mai walikuwa milimani, na wote walisema wamekuja kutukomboa. Watu walikufa kwa risasi, kwa malaria, kwa kuhara, kwa uzazi. Nilidhani nimeshaona kila aina ya kifo inayopita barabara yetu, mpaka alipougua jirani yangu Mwalimu Kasonia.

Alikuwa mwalimu wangu wa darasa la sita, kama alivyokuwa mwalimu wa nusu ya mtaa huu. Alizaliwa Alimbongo, kule baridi inakouma mpaka mifupa, akasomeshwa na mapadre, akateremka Butembo kufundisha, akamwoa Masika, na hakuhama tena. Alikuwa mrefu na mkavu, mwenye koti moja la kaki alilolipiga pasi kila jioni. Chaki ilipokosekana alifundisha kwa mihogo iliyokaushwa. Mshahara wa serikali ulikuwa umekatika zamani sana, na wazazi walimlipa kwa walichokuwa nacho: maharagwe, mkaa, na hasa samaki wa chumvi kutoka ziwani, wale tunaowaita makayabo. Juu ya jiko lake walining'inia msimu hadi msimu. Alikula makayabo asubuhi na jioni, tena alisema ni mshahara pekee usiooza.

Mwalimu huyu alikuwa na ugonjwa mmoja tu, nao ni kulinganisha nchi. Padre mmoja mzee wa Kizungu, alipokuwa anarudi kwao, alimwachia marundo ya magazeti ya afya. Kasonia aliyasoma yote. Kisha akachukua magunia ya unga, akayapasua, akayashona pamoja, akachora juu yake kwa rangi mistari ya nchi zenye viwanda, kuonyesha jinsi watu wao wanavyokufa kwa kansa mwaka hadi mwaka. Uingereza ilikuwa nyeusi, ikipanda kama moshi wenyewe, kwa sababu ya sigara, halafu ikaanza kushuka wanaume walipoanza kuziacha. Amerika ilikuwa kijani, nyama na mafuta na kansa ya utumbo mkubwa. Japani ilikuwa nyekundu. Kule walikufa kwa kansa ya tumbo zaidi kuliko wengine, kwa sababu ya samaki na mboga za chumvi, na mstari wao ukaanza kuteremka frigo zilipoingia majumbani.

Tulikuwa watoto wa mihogo, hatujawahi kuona frigo hata moja, na tulijua kwa moyo Wajapani wanakufa na nini. Alipenda kusimama mbele ya gunia na kusema:

"Kila inchi inakufaka na kile inapenda."

Siku moja mtoto mmoja alimuuliza, "Na siye, Mwalimu?"

"Siye? Siye tunakufaka na kile bengine banapenda."

Alimaanisha dhahabu na kahawa, na baadaye angemaanisha koltani, yale madini ya simu. Tulicheka bila kuelewa. Kisha alifunga somo kwa maneno ambayo darasa zima liliyaitikia kwa sauti, mwaka baada ya mwaka: kansa ni ugonjwa wa mtu aliyeshiba. Sisi tulikuwa na njaa, kwa hiyo tulikuwa salama. Nakumbuka nilivyorudi nyumbani nikijisikia vizuri kwa jambo hilo.

Mwishoni mwa mwaka 2000 Mwalimu alianza kuacha chakula sahanini. Alikula vijiko viwili akasema ameshiba, yeye ambaye alikuwa anafuta sufuria kwa bugali. Koti la kaki lilianza kumning'inia. Masika alimpikia kila kitu na kila kitu kilirudi. Kitu pekee kilichotulia tumboni mwake kilikuwa uji mwepesi wa ulezi, na aliyejua kuupika hivyo alikuwa Asma.

Asma alikaa upande wa pili wa ukuta wangu. Alikuwa mtu wa Beni, mke wa Asumani mwenye lori, Mwislamu aliyezaliwa katika Uislamu. Aliuza vitenge sokoni na alikuwa na ulimi mwepesi: alinitania kwamba meza zangu zina miguu mitatu na nusu. Mwalimu alimpenda kwa sababu alikuwa mteja wake mpya wa masomo. Asma hakupata shule ya kutosha, basi Kasonia alimfunulia magunia yake na kumweleza Japani, Amerika na Uingereza, na yeye aliuliza maswali ambayo sisi hatukuwahi kuuliza. Aliuliza, kwa mfano, ni nani alikuwa anawahesabu hao wafu. Mwalimu alisema serikali zao. Asma akasema, "Basi kule iko na serikali kweli." Mwalimu alicheka mpaka akakohoa.

Sasa, yeyote wa kwetu anajua desturi hii, lakini nitaieleza. Mtu akikupa kinywaji, anakionja yeye kwanza, mbele ya macho yako. Huhitaji kumwomba. Hata mama mzazi anaonja kabla ya kumpa mwanawe mtu mzima. Sababu yake ni karuho, ile sumu ya polepole ambayo kila mtu anaiogopa na hakuna aliyeiona. Mtu akikonda bila jeraha wala homa, watu hawaulizi anaumwa nini, wanaulizana amekunywa kwa nani.

Ilikuwa mwezi wa Ramadhani, uliangukia Desemba mwaka ule. Masika alikuwa shambani. Asma alileta uji mchana, akaumimina kikombeni, akampa Mwalimu mkononi. Hakuuonja, kwa kuwa alikuwa amefunga, na hata tone moja lingemharibia saumu. Kwake halikuwa jambo hata la kufikiria, na kwa Mwalimu pia. Lakini kwenye kigoda karibu na mlango alikaa Lusenge, mdogo wake Mwalimu, aliyekuja kutoka Alimbongo kumtazama mgonjwa. Lusenge aliona. Jioni ile Mwalimu alitapika vitu vyeusi kama unga wa kahawa.

Lusenge hakupiga kelele, na hilo ndilo lililomfanya aaminiwe. Alizunguka mtaa taratibu, akisalimia watu, akisema tu alichokiona.

"Hakuonja. Mi nilikuwa pale, niliona na macho yangu. Alimumiminia, akamupatia, yeye mwenyewe hakugusa ata kidogo."

"Nilikuwa nafunga, Papa Lusenge," Asma alimwambia alipopata habari. Alikuja mwenyewe mpaka uani, mbele ya Masika na mbele yangu. "Ilikuwa Ramazani. Unajua siye tunafungaka."

"Mi sijue mambo ya Ramazani. Mi najua kikombe."

Tulimpeleka Mwalimu hospitali kwenye kiti, mimi na vijana wawili. Daktari Ézéchias, mtu mpole mwenye macho ya usingizi, alimbonyeza tumbo muda mrefu, akatuita pembeni.

"Tumbo iko na kitu nguvu, ukigusa unasikia. Kwa akili yangu ni kansa. Lakini hapa hatuna chombo ya kuangalia ndani. Inaomba aende Kampala, na aende mbio."

Lusenge alimtazama kama mtu anayetazama fedha bandia. "Kansa ya wapi, Docteur? Yaya yangu, huyu mukubwa yangu, anakula bugali na majani ya sombe tangu utoto. Yeye mwenyewe alifundishaka batoto hapa: kansa njo ugonjwa ya mutu mwenye kushiba. Yaya yangu alishiba siku gani?"

 Yale yalikuwa maneno ya somo langu mwenyewe.

Asumani, mume wa Asma, aliposikia neno Kampala alisema lori lake linaondoka kwenda Kasindi na kuvuka mpaka, na Mwalimu angelala nyuma ya dereva bila kulipa chochote. Masika alitaka. Nilimwona akianza kukunja blanketi. Lakini wazee wa ukoo walikaa, wakasema mgonjwa hapandi gari la mume wa aliyemlisha. Lori likaondoka bila yeye. Walimpeleka badala yake kwa mganga wa kutapisha, huko huko Alimbongo, ambaye alimnywesha majani ya kuchemsha mpaka macho yakageuka. Katika matapishi mganga alitoa kitu kidogo kama kokwa, akakiinua juu, akasema hii hapa karuho. Mwalimu alirudi hawezi kukaa bila kushikwa. Lakini watu walikuwa wamefurahi, kwa sababu sasa kitu kilikuwa kimeonekana.

Baada ya hapo hakuna aliyenunua kitenge kwa Asma. Wanawake walivuka barabara wakimwona. Mawe yalianza kuanguka juu ya bati lake, na kwa kuwa mabati yetu yanagusana, niliyasikia yote. Mwaka uliotangulia, katika mtaa mwingine, mama mzee alisingiziwa hivyo hivyo, na sikuagizwa jeneza, kwa maana hakikubaki kitu cha kuweka ndani. Asma aliijua habari hiyo. Nilimwambia aende kwao Beni mpaka mambo yapoe.

"Nikikimbia, banasema niliua," akanijibu. "Na njia ya Beni iko na bunduki. Hapa angalau mawe ninayajua."

Vijana waliokuwa mstari wa mbele wote walikuwa wanafunzi wa Kasonia. Mkubwa wao alikuwa Kasika, mtengenezaji wa redio, kijana hodari wa darasani, mmoja wa wale walioitikia kwa sauti kubwa kuliko wote. Hakuwa mtu mbaya. Alimpenda Mwalimu kuliko baba yake, naye alikuwa amezika kaka wawili bila kuwa na mtu wa kumlaumu, kwa sababu huwezi kuilaumu bunduki ya mtu mwenye bunduki. Asma sasa alikuwa mtu ambaye anaweza kulaumiwa, mwanamke, peke yake, mume yuko safarini. Nilikasirika wakati ule na nimekasirika hata leo ninapoandika.

Masika ndiye aliyemwambia mumewe yale yanayosemwa nje, na kwamba yanasemwa kwa maneno ya somo lake mwenyewe. Mwalimu aliniita. Sauti ilikuwa imekwisha, imebaki pumzi.

"Muhindo. Chukua magunia yangu, utundike ku karakana yako. Halafu mutanibeba. Ita batoto yangu bote."

Alimaanisha watu wazima wenye ndevu. Nilitundika yale magunia kwenye ukuta wa mbao, nikamweka Mwalimu kwenye kiti cha mikono ambacho mteja wake alikuwa ameuawa kabla ya kukichukua. Ilikuwa asubuhi ya jua zuri, Januari. Walikuja wengi, Kasika akiwa mbele, Lusenge nyuma amekunja mikono. Mwalimu aliwatazama mpaka wakanyamaza, kama zamani.

"Ule mustari mwekundu ni ya inchi gani?"

 Kasika akasema chini, "Japani, Mwalimu."

"Banakufaka na nini?"

"Na tumbo."

"Juu ya nini?"

"Juu ya chumvi. Samaki ya chumvi."

"Na mustari unashuka juu ya nini?"

"Juu ya frigo, Mwalimu."

"Muzuri. Sasa, hapa Mususa, nani iko na frigo?"

Mtu mmoja alicheka. Mwalimu alipumzika. Masika alimfuta mdomo.

"Miye nimekula makayabo miaka yote. Ninyi njo mulikuwa munaniletea, na nilifurahi. Hata siku moja sikujitazama ku ule mustari." Alivuta pumzi. "Nilibafundisha mubaya. Nilisema kansa ni ya mwenye kushiba, juu sikuona mustari yetu ku magazeti. Asma alishaka niuliza: nani anabahesabu? Nilicheka. Siye hakuna mutu anatuhesabu, batoto yangu. Njo maana mustari hakuna. Si juu ugonjwa hakuna."

Nilijua wakati ule kwamba nimesikia somo bora kuliko yote aliyowahi kufundisha. Kasika alikuwa anatazama viatu vyake.

Kisha Mwalimu akaomba uji, akasema aulete Asma. Asma akaja na sufuria ndogo, uso umemkauka. Ramadhani ilikuwa imepita. Alimimina, akainua kikombe, akanywa, si kuonja bali kunywa kabisa, mbele ya watu wote. Akamimina tena. Mwalimu alikunywa polepole mpaka mwisho, akageuza kikombe chini waone. Watu wakaanza kuondoka kwa vikundi. Mmoja alimsalimia Asma. Mawe yakakoma.

Basi tulipata siku kadhaa za amani, na katika siku hizo Asma aliuza kitenge kimoja, akaja kunitania kuhusu kile kiti, kwamba sasa ana ushahidi kuwa kimebeba mtu bila kuanguka. Tulicheka. Niliamini mambo yamekwisha, kwa sababu nilitaka kuamini.

Kabla ya wiki kwisha Mwalimu Kasonia alifariki, akiwa ameshika mkono wa Masika. Daktari alikuwa ametuambia itakuwa hivyo, uji au bila uji. Niliranda mbao zake mwenyewe, mninga nilioutunza kwa ajili ya kabati la arusi.

Matanga yalijaa. Majirani, wanafunzi, walimu, watu wa parokia, hata askari wawili waliosimama langoni. Wanawake walipika, na kwa heshima ya marehemu walipika alichokipenda: makayabo kwa nyanya, sufuria kubwa kubwa. Watu walikula na kusifu. Lusenge aliongeza mara mbili. Samaki wale hakuna aliyeuliza nani amewaonja.

Katikati ya kula nilianza kusikia habari ya ukucha. Sijui ilianzia kwa nani. Ilisemwa kwamba mtu wa karuho anaificha chini ya ukucha, anaonja kwanza kikiwa safi, halafu anapogeuza kikombe kukutolea ndipo anakichovya kidole. Ilisemwa kwamba kila mtu aliona kidole cha Asma. Mimi nilikuwa karibu kuliko wote na sikuona kitu. Nilisema hivyo kwa sauti. Mtu mmoja akaniambia kwamba karakana yangu imejaa kazi siku hizi, tena nishukuru.

Hapo akaingia Asma. Kutokuja kwenye matanga ya jirani kungekuwa kama kukiri, alijua, na kuja mikono mitupu kungekuwa aibu. Alikuwa amevaa mtandio mweusi, amebeba sufuria ya wali iliyofunikwa. Watu walimpisha mpaka ikabaki njia nyembamba kutoka langoni hadi kwenye mkeka wa mjane. Alipiga magoti, akafunua sufuria, akachukua kijiko, akala. Akaonyesha mikono yake yote miwili, na kucha zilikuwa zimekatwa mpaka kwenye nyama. Alikuwa amesikia habari ile kabla yangu.

"Pole, Mama Masika," alisema. "Alikuwa mwalimu yangu pia."

Sasa kila kitu kilikuwa mkononi mwa Masika. Kama angetia kijiko kimoja kinywani, hakuna ambaye angethubutu kumgusa Asma. Yeye ndiye aliyefiwa. Yeye alijua ukweli kuliko mimi: alikuwa amekunja lile blanketi, alikuwa amemfuta mdomo wakati wa somo. Alikishika kijiko. Niliona anakitazama. Aliwatazama wazee wa ukoo wa mumewe, ambao kesho wangeamua kama atabaki katika nyumba ile au atafukuzwa. Alimtazama Lusenge. Nadhani pia aliogopa tu, aliogopa wali, kama mtu yeyote aliyelelewa hapa anavyoogopa, hata akiwa na akili zake zote.

"Asanti, Mama Asma," akasema. Akakirudisha kijiko, akafunika sufuria, akaisogeza nyuma yake pembeni ya ukuta.

 Vijana waliinuka kabla Asma hajasimama. Nilijaribu kufika, nikapigwa na kitu kichwani, na wale askari wa langoni walitazama upande mwingine. Nilipoweza kusimama walikuwa wameshamfikisha barabarani, na Kasika alikuwa pamoja nao, analia, akiwa na jiwe mkononi.

Asumani alirudi kutoka Kasindi kesho yake. Alimkuta mkewe kwenye msikiti, amekwisha kuoshwa na kuvishwa sanda. Nyumba yao ilikuwa bado inatoa moshi. Alikuja kwangu, akasimama mlangoni, akaniuliza kama nina mbao. Wao hawaziki na jeneza, wanalaza mbao juu ya maiti ndani ya kaburi ili udongo usimguse. Nilikuwa na vipande vilivyobaki vya mninga wa Mwalimu. Nilivipima, nikavikata, nikavipiga randa hata pale ambapo hapakuhitajika randa. Asumani alikaa kwenye kile kiti cha mikono akitazama magunia ukutani, mstari mweusi, wa kijani na mwekundu.

"Na mustari yetu iko wapi?" akaniuliza.

Nilimwambia hakuna. Akaniomba nimsaidie kubeba mbao.